Ziara ya basi Ujerumani na Uswisi nikiwa na Mama: mambo ya kujua kabla hujalipa

Ratiba za ziara za basi huuzwa kwa majina ya miji. Rothenburg, Dinkelsbühl, Nördlingen, Neuschwanstein, Titisee, Lucerne, Interlaken: ukiisoma ukiwa sebuleni kwako Dar es Salaam, kila jina linaonekana ni nyongeza ya bure. Ukishaingia ndani ya basi na mzazi wa miaka 68 mwenye magoti yanayouma, hesabu inabadilika. Unahesabu mara ngapi mtafungasha mabegi, ngazi za kupanda ni ngapi, choo kiko wapi, na kwenye sahani ya jioni kumewekwa nini. Leo mtu akiniuliza ziara ipi achague, namwambia aangalie kitu kimoja kabla ya vingine vyote: ni wapi mtalala usiku miwili au mitatu mfululizo bila kuhama? Kama hakuna, atafute ziara nyingine, hata kama ina miji michache.

Mama ni mkulima wa Lushoto. Analima kabichi na karoti kwenye matuta na anafuga ng'ombe wa maziwa bandani. Wajerumani walipotawala waliuita mji wetu Wilhelmstal, na mpaka leo kuna nyumba zao zilizobaki pale milimani. Tangu utotoni Mama alisikia wazee wakisimulia habari za Wajerumani, na hamu yake ilikuwa kuona wanakijiji wa huko wanaishije: wanalima nini, wanafuga vipi, mlima mkali wanaufanyaje. Maghorofa hayakumvutia. Ndiyo maana nilichagua ziara ya mashambani inayoanzia Frankfurt na kumalizikia Zurich, mwishoni mwa Juni.

Nianze na viza, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hupoteza fedha. Ujerumani na Uswisi zote zimo ndani ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, kwa hiyo viza moja inatosha na mpakani hamgongewi muhuri mwingine. Ila ombi hupelekwa kwa nchi mtakayolala usiku mwingi zaidi. Usiku ukilingana, hupelekwa kwa nchi mtakayoingia kwanza. Kaa na ratiba, hesabu usiku, usimsikilize anayekwambia ubalozi fulani ni mwepesi. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024 na hairudishwi ukinyimwa. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000 za matibabu. Kwa mzazi mwenye presha soma masharti ya bima hiyo neno kwa neno, maana nyingine hazilipii ugonjwa ambao mtu alikuwa nao kabla ya kusafiri. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na usisubiri hadi wiki mbili za mwisho.

Kampuni ya ziara ilitaka malipo yote mapema. Nilikataa kutuma hata senti mpaka waniandikie kwa barua pepe kwamba viza ikikataliwa watarudisha kiasi gani. Waliandika, baada ya kuzungushana kidogo. Tulilipa kianzio, wakatoa barua ya uthibitisho wa hoteli, na barua hiyo ndiyo tuliyoipeleka ubalozini pamoja na nyaraka nyingine. Ahadi ya simu haitoshi. Iwe kwenye maandishi.

Basi lenyewe lilikuwa zuri, lenye viti vya kuegemea na madirisha makubwa. Kitu cha kuelewa mapema ni saa za dereva. Sheria ya Ulaya inamruhusu aendeshe saa tisa kwa siku, na saa kumi kwa siku mbili tu za wiki. Akiendesha saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45, na kifaa kilichomo ndani ya basi kinarekodi kila kitu. Kwa hiyo mwongoza watalii akisema tunaondoka saa mbili kamili asubuhi, ni saa mbili kamili. Abiria mmoja akichelewa dakika ishirini, kituo cha mwisho cha siku hiyo kinaliwa. Nilimwandikia Mama nyakati za kuondoka kwenye kikaratasi, kwa saa zetu za Kiswahili, akawa anakiweka kwenye mkoba. Kilimpa utulivu kuliko nilivyodhani, kwa sababu hakuhitaji kuniuliza kila mara na hakujiona mzigo.

Vyoo vya kwenye vituo vya barabara kuu za Ujerumani ni vya kulipia. Kwenye vingi ni euro moja, na unapewa kikaratasi cha kupunguziwa bei ukinunua kitu dukani hapo. Choo cha ndani ya basi kipo, lakini dereva wetu aliomba kitumike kwa dharura tu. Mama anakunywa dawa ya presha inayomfanya aende haja ndogo mara kwa mara. Tuwe wakweli, wazee wetu huona haya kusema jambo hili mbele ya wageni, na wengi huamua kuacha kunywa maji siku nzima. Mama alifanya hivyo siku ya kwanza, jioni kichwa kikamuuma vibaya. Nilikwenda kwa mwongoza watalii peke yangu, nikamweleza kwa faragha, na tangu hapo kila tulipokaribia kituo alikuwa akitangaza choo kabla ya jambo lingine lolote. Hakumtaja mtu. Namshukuru kwa hilo.

Rothenburg ob der Tauber ni mji wa kuta za kale na nyumba zenye mbao zilizopishana ukutani, na ni kweli unapendeza, lakini barabara zake ni za mawe yasiyo sawa na magoti ya mzee huyasikia yote. Viatu vyenye soli nene na laini, vilivyokwisha kuvaliwa nyumbani wiki kadhaa, ni vya lazima. Nördlingen ilimgusa Mama zaidi. Mji ule umekaa ndani ya shimo kubwa lililochimbwa na kimondo kilichoanguka takriban miaka milioni 15 iliyopita, na bonde hilo la duara, upana wake zaidi ya kilomita 20, leo ni mashamba ya nafaka. Mama alisimama ukingoni mwa shamba la ngano akasaga udongo kati ya vidole. "Udongo huu haujachoka," alisema. Kila mtu alikuwa akipiga picha mnara wa kanisa, yeye anatazama chini.

Halafu tukafika Hohenschwangau, chini ya kasri la Neuschwanstein, na hiyo ndiyo siku iliyoniumiza.

Kasri hilo lilianza kujengwa mwaka 1869 na mfalme Ludwig wa Pili wa Bavaria, aliyefariki mwaka 1886 kabla halijakamilika. Ratiba yetu ilisema tu "kutembelea kasri". Haikusema kwamba kutoka maegesho hadi mlangoni ni mwendo wa dakika 30 hadi 40 kwa miguu, kupanda mlima mfululizo. Haikusema kwamba tiketi ina dakika yake maalumu ya kuingia, ukipitwa imekufa. Wala kwamba ndani kuna ngazi zaidi ya 160 za kupanda, kisha nyingine za kushuka. Magari ya kukokotwa na farasi yapo, lakini foleni ilikuwa ndefu, na hata hayo hayafiki mlangoni. Yanakushusha chini kidogo, mlima mwingine unabaki.

Kundi liliondoka kwa mwendo wa vijana. Mama alijikaza kwa fahari ya mtu aliyezoea milima ya Usambara. Lakini mlima wa nyumbani anaupanda kwa mwendo wake, anapumzika anapotaka, anasalimiana na watu njiani. Hapa alikuwa anakimbizana na saa. Hatujafika nusu ya njia akashika mti, uso umebadilika, akaniambia, "Mwanangu, nenda wewe. Umelipa fedha nyingi." Maneno hayo yalinichoma kuliko hasara ya tiketi. Nilimkalisha kwenye benchi nikamwambia hatuendi popote. Tukashuka taratibu hadi ziwa Alpsee lililo pale chini, tukakaa kwenye kivuli tukitazama maji yaliyo safi mpaka unaona mawe ya chini. Baada ya muda presha ilitulia na alianza kuongea. Ila nilikuwa na hasira, na sehemu ya hasira ile ilikuwa huzuni: mzazi wangu kasafiri kutoka Lushoto kuja kujiona mzee mbele ya watu asiowajua.

Jioni ile nilizungumza na mwongoza watalii kwa adabu lakini bila kuzunguka. Nilimwomba kila usiku anieleze mambo matatu ya kesho: tutatembea umbali gani, kuna ngazi kiasi gani, na kama kuna njia nyingine ya kufika. Pia niliomba Mama abaki kwenye kiti cha mbele badala ya kuzungushwa viti kila siku kama ilivyo desturi ya ziara hizi. Alikubali yote mawili. Alisema watu wengi huleta wazazi wao bila kusema lolote wakati wa kujiandikisha, na yeye hujua tatizo likishatokea. Basi sema mapema, kwenye fomu, kabla hujafika. Kwenye Neuschwanstein kwa mfano, anayeshindwa ngazi huweza kuulizia utaratibu wa lifti, lakini ni kwa kupanga kabla. Ukiwa umeshasimama getini, umechelewa.

Chakula nacho kinahitaji macho. Sisi ni Waislamu, na vijijini kusini mwa Ujerumani nguruwe yumo mahali usipomtarajia. Maultaschen, zile andazi za kuchemsha zenye nyama ndani, kwa kawaida huwa na nguruwe. Rösti ya Uswisi, viazi vya kukwaruzwa na kukaangwa, mara nyingi huja na vipande vya nyama ya nguruwe. Keki maarufu ya Schwarzwald (eneo la milima na misitu kusini-magharibi mwa Ujerumani), ile ya chokoleti na cheri, ina pombe kali ya cheri ndani yake. Jibini ya kuyeyushwa ya Uswisi inayoitwa fondue hupikwa kwa mvinyo mweupe. Mimi sikuwa nikijua hili la fondue, na nadhani wengi wetu hudhani ni jibini tupu. Tulichokula kwa amani ni samaki wa trauti wa kuoka, Käsespätzle ambazo ni tambi za mayai zilizochanganywa na jibini, supu za mboga, mayai, mikate yao mizito na asali. Mjini tulipata maduka ya Waturuki. Uliza mhudumu waziwazi kama kuna nguruwe au pombe. Kila tulipouliza walijibu wazi, na mama mmoja wa mkahawa karibu na Titisee alirudisha keki jikoni akatuletea ya tufaha bila kukunja uso. Jambo moja zaidi: mwezi huo jua linazama yapata saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo isha inaingia usiku sana na alfajiri inawahi mno. Mama alichukua ruhusa ya msafiri akajumuisha sala, na usingizi wake ukaokoka.

Schwarzwald ndiko Mama alikofurahi kwa mara ya kwanza tangu tutoke kasrini. Misitu ya misonobari, nyumba za wakulima zenye paa kubwa linaloshuka hadi karibu na ardhi, na chini ya paa hilohilo, kwa desturi ya zamani, watu, ng'ombe na majani makavu vyote vilikaa pamoja ili joto lisipotee wakati wa baridi. Aliuliza maswali mpaka mwongoza watalii akaita mwenye shamba. Nilitafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili kwa muda mrefu kuhusu magonjwa ya kiwele.

Pale Triberg, mji wa saa za ukutani zenye ndege anayelia, nilinunua saa moja. Wewe unayeishi nje ya Umoja wa Ulaya una haki ya kurudishiwa kodi ya VAT kwa bidhaa zaidi ya euro 50 ulizonunua kwenye duka moja Ujerumani. Lakini dukani lazima uombe fomu na uonyeshe pasipoti, risiti pekee haitoshi. Na fomu lazima igongwe muhuri na forodha ya Ujerumani unapotoka. Kwa kuwa sisi tulikuwa tunarudi nyumbani kupitia Zurich, kutoka kwetu kulikuwa pale mpakani, barabarani, si uwanja wa ndege. Mabasi mengi hupita mpaka ule bila kusimama. Letu lilisimama kwa sababu mzee mmoja kutoka India, aliyewahi kufanya ziara kama hii, alimkumbusha mwongoza watalii tangu chai ya asubuhi. Yeye alikuwa na fomu zake zote. Mimi nilikuwa na risiti.

Ukivuka mpaka, mambo madogo matatu hubadilika kwa mkupuo, ingawa ni mwendo wa dakika chache. Fedha inakuwa faranga ya Uswisi. Maduka mengi ya watalii hupokea euro lakini chenji wanarudisha kwa faranga, tena kwa kiwango chao. Laini ya simu uliyonunua kwa ajili ya Ulaya huenda isifanye kazi, au ikakukata fedha nyingi, kwani Uswisi haimo katika utaratibu wa Umoja wa Ulaya wa kutumia laini nchi zote kwa bei ya nyumbani. Zima data kabla ya mpaka, usome masharti kwanza. Na soketi za Uswisi zina umbo lao: plagi nene ya duara ya Kijerumani haiingii, ile nyembamba ya pini mbili inaingia. Sisi wenye plagi za pini tatu za Kiingereza tunahitaji adapta inayokubali nchi zote mbili.

Maporomoko ya mto Rhine karibu na Schaffhausen yana upana wa mita 150 na kimo cha mita 23. Upande wa Neuhausen unayaona ukiwa ufukweni, bila kupanda popote. Mama alisimama pale akilowa manyunyu, akicheka. Lucerne tulipita haraka, na kwa haki ya Mungu tulistahili kukaa zaidi. Daraja lake la mbao la karne ya 14, ambalo sehemu kubwa iliungua mwaka 1993 na kujengwa upya, ni la mwendo mwepesi na mzee anaweza kulitembea mwanzo mpaka mwisho. Maji ya kwenye chemchemi za mitaani Uswisi ni ya kunywa isipokuwa pameandikwa vinginevyo. Beba chupa yako, kwa sababu maji ya mgahawani utayalipia bei itakayokushtua.

Kutoka Lucerne kwenda Interlaken barabara inapanda kwa kona hadi zaidi ya mita 1,000 pale Brünig. Tangawizi ya kutafuna na kiti cha mbele vilitusaidia.

Interlaken ndipo tulipolala usiku zaidi ya mmoja mahali pamoja, na tofauti ilionekana asubuhi ya kwanza: Mama aliamka, hakufunga begi, akaenda kunywa chai taratibu. Siku hiyo kundi lilikuwa na safari ya hiari ya Jungfraujoch, kituo cha reli kilicho mita 3,454 juu ya usawa wa bahari, kilichofunguliwa mwaka 1912 kwa njia iliyotobolewa ndani ya milima ya Eiger na Mönch. Ni kazi ya kustaajabisha na nauli yake ni zaidi ya faranga 200 kwa mtu. Safari hizi za hiari huuzwa siku ya kwanza ndani ya basi, kila mtu akiwa na furaha na aibu ya kusema hapana. Usiamue siku hiyo. Uliza siku ya mwisho ya kuamua ni ipi, angalia hali ya hewa kwenye kamera za moja kwa moja za kule juu, na umuulize daktari wako kabla ya kutoka nyumbani. Mita 3,454 ni chini kidogo ya kituo cha Horombo kwenye Kilimanjaro, ila Horombo unafika kwa miguu siku ya pili, na huku unapandishwa ndani ya muda mfupi tu. Daktari wa Mama alikwisha kutuonya kuhusu mwinuko. Hatukwenda.

Waliokwenda walipata anga safi na walirudi na picha za barafu ya Aletsch ambazo, nakiri, zilinitamanisha. Sisi tulipanda treni ya kawaida, dakika kama ishirini, hadi Lauterbrunnen. Ni bonde lenye kuta za mawe pande zote mbili, na maji ya Staubbach yanaanguka karibu mita 300 mpaka yanageuka vumbi kabla ya kugusa chini. Njia ya kutembea ni tambarare. Mama alitembea siku nzima.

Wakulima walikuwa wanakata majani kwenye mteremko ambao hata Lushoto tungeuogopa, na wengine wanayageuza kwa reki za mbao. Alishangaa mabanda matupu. Mwenye nyumba ya wageni akatueleza kwamba kiangazi ng'ombe wako juu kwenye malisho ya milimani, na jibini inatengenezwa hukohuko. Mama akauliza swali ambalo hakuna mtu kwenye basi letu angeuliza: shamba la mteremko namna hii linalipaje? Akajibiwa kwamba serikali huwalipa wakulima wa milimani ruzuku, na mteremko ukizidi ukali, ruzuku inaongezeka, ili bonde lisigeuke pori na watu wasihame. Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwetu anayelima mlimani ndiye anayelaumiwa kuharibu mlima.

Siku za mwisho weka akiba ya bakshishi kwa dereva na mwongoza watalii, ambayo haimo kwenye bei, na ipe kila mmoja mkononi mwake. Dawa za mzazi ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi la chini ya basi, pamoja na barua ya daktari kwa Kiingereza. Namba ya dharura katika nchi zote mbili ni 112.

Tukiwa Zurich tukisubiri ndege, Mama aliniambia akipata tena nafasi anataka kukaa Lauterbrunnen tu, bila basi, wakati ng'ombe wanaposhushwa kutoka milimani mwezi Septemba. Nimeshaanza kuweka akiba. Nitakodi chumba chenye jiko ili apike mwenyewe, kutoka uwanja wa Zurich tutakwenda kwa treni, na kwa kuwa usiku wote utakuwa Uswisi, safari hii ombi la viza litakwenda kwa Waswisi.